UZI: Jinsi nilivyoomba nyaraka za mradi halmashauri na kujibiwa kwa maandishi

#1 – MwanaBoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Juzi niligusia kwenye uzi mwingine kwamba nimepata nakala za nyaraka za ujenzi wa zahanati ya kijijini kwetu, na tangu hapo watu hawaachi kunifuata pembeni wakiuliza nilipitia kwa nani. Sikupitia kwa mtu. Niliandika barua. Naeleza yote hapa ili mwenye shida kama yangu asipoteze miezi kama nilivyopoteza mimi.

Kijiji chetu kilianzisha boma la zahanati kwa nguvu za wananchi. Kila kaya ilichanga, vijana wakafyatua tofali, akina mama wakasomba mchanga na maji. Boma likafika kwenye lenta, likasimama miaka mitatu. Baadaye tukatangaziwa mkutanoni kwamba zimekuja shilingi milioni 50 za kumalizia. Bati zikapanda, tukafurahi. Kisha mafundi wakafungasha wakaondoka. Sakafu hakuna, milango hakuna, shimo la kondo la nyuma limechimbwa nusu na limejaa maji. Kila ukiuliza unaambiwa hela imeisha. Imeishaje? Hapo kijiweni kila mtu ana mwizi wake: huyu anamtaja mtendaji, yule diwani, mwingine mhandisi. Dada yangu alijifungulia njiani akipelekwa kituo cha afya cha tarafa, kwa hiyo hili jambo kwangu si la kijiweni. Sikutaka kumtuhumu mtu, nilitaka karatasi.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, raia anaomba taarifa kwa maandishi kwenye taasisi ya umma, halmashauri zikiwemo, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kama hujui kusoma na kuandika, au una ulemavu unaokuzuia kuandika, unaeleza kwa mdomo na afisa ndiye anayeandika. Wengi hatukijui kipengele hiki, na wazee wetu wanarudishwa mlangoni kwa kuwa hawana barua.

Sasa kosa langu. Barua ya kwanza niliandika hivi: "Naomba taarifa zote kuhusu ujenzi wa zahanati na matumizi ya fedha." Nikaipeleka mwenyewe, nikamkabidhi kijana mmoja koridoni, nikaondoka. Miezi miwili kimya. Nilipofuatilia, hakuna aliyewahi kuiona. Sina nakala, sina mhuri, sina tarehe. Nitamdai nani?

Barua ya pili niliiandika baada ya kukaa na mwalimu mstaafu wa kijijini kwetu, aliyewahi kuwa kwenye kamati ya ujenzi wa shule. Aliniuliza swali moja tu: "Unataka kujua, au unataka karatasi? Kama unataka karatasi, itaje jina lake." Tukaandika hivi (nimeondoa majina):

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya Wilaya ya …*

*YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA NYARAKA ZA MRADI WA KUKAMILISHA ZAHANATI YA KIJIJI CHA …*

*Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kijiji tajwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo za mwaka wa fedha …:*

*(a) Barua ya kuidhinisha au kuhamisha fedha za mradi, inayoonesha kiasi, tarehe na akaunti iliyopokea;*
*(b) Makadirio ya vifaa na gharama (BOQ) yaliyotumika;*
*(c) Mkataba wa fundi;*
*(d) Hati za malipo za mradi;*
*(e) Hati za kupokelea vifaa na leja ya stoo;*
*(f) Taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa mhandisi.*

*Iwapo sehemu ya nyaraka hizi haiwezi kutolewa, naomba nipewe zilizobaki pamoja na sababu za kuzuiwa kwa maandishi. Niko tayari kulipia gharama za kutoa nakala.*

Jina, sahihi, namba ya simu, tarehe. Ukurasa mmoja. Hakuna neno "ufisadi" humo, hakuna "tunadai", wala hakuna hadithi ya dada yangu, ingawa nilitamani sana kuiweka.

Barua nilitoa nakala mbili. Masjala, yaani ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, kuna dirisha lenye nondo na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nikamsalimia, nikampa ya kwanza, akaigonga mhuri wa kupokelewa. Nikasogeza ya pili: "Mama, naomba na hii yangu uigonge." Akanitazama. Akaisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akaigonga, akaandika tarehe kwa kalamu ndani ya mhuri, akaweka sahihi ndogo pembeni. Ile karatasi ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Siku ya 26 nilipigiwa simu nikachukue jibu. Yaliyokuwemo nitaeleza chini huko, maana si yale niliyoyategemea. Kwanza niulizeni.

#2 – KaskaziniKwetu

Mkuu, hongera, ila tuseme ukweli. Huko kwetu ukiandika barua kama hiyo jioni unaitwa ofisi ya kata, unaulizwa nani anakutuma. Ukibisha unaambiwa mchochezi. Sheria ni nzuri kwenye karatasi.

#3 – MwanaBoma

@KaskaziniKwetu sikubishii, hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Kilichonisaidia ni kutoenda peke yangu. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi inasomwa pale. Nilisimama kwenye mkutano, nikasema naomba ruhusa ya wenzangu kwenda kuomba nyaraka, watu wakanyoosha mikono, ikaandikwa kwenye muhtasari. Nilipoulizwa nani kanituma nilijibu: mkutano mkuu, tarehe fulani, ajenda namba fulani. Muulizaji hakuwa na swali la pili.

#4 – KaraniMstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimekaa masjala miaka 22, nimestaafu. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, niongeze yanayotokea barua ikishavuka lile dirisha, maana wananchi wengi wanadhani inaingia shimoni.

Barua ikipokelewa inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia, inapewa namba ya folio (namba ya karatasi ndani ya jalada) na kuingizwa kwenye jalada la somo lake. Jalada linakwenda kwa Mkurugenzi. Yeye hajibu mwenyewe. Anaandika maelekezo: "Mweka Hazina, nishauri," au "DMO (mganga mkuu wa wilaya), shughulikia." Jalada linahama kwenda idara hiyo. Mkuu wa idara anaandika dokezo, linarudi, ndipo barua ya jibu inaandaliwa. Sasa kama barua yako inagusa idara tatu (fedha, afya, ujenzi), jalada litatembea meza tatu, na mara nyingi linalala kwenye meza ya mtu aliyeko safari.

Kwa hiyo, wanangu, siku mbili tatu baada ya kupeleka, rudi masjala uombe kumbukumbu namba ya jalada. Iandike kwenye nakala yako. Ukija kufuatilia usiseme "ile barua yangu ya zahanati." Sema "Kumb. Na. hii, folio hii, liko idara gani?" Karani atafungua rejista ya mienendo ya majalada na kukuambia liko kwa nani tangu lini. Mara ngapi nimeona mtu anazungushwa wiki nzima kwa kukosa namba tu!

Jambo la pili. Msimchukie karani. Hana mamlaka ya kukupa nyaraka, lakini ana uwezo wa kukuonesha zilipo. Yule mama aliyesoma barua yote kwa kidole alikuwa anatafuta jalada la kuiweka. Hakuwa anakupeleleza.

#5 – MwanaBoma

@KaraniMstaafu shikamoo mama. Hili la kumbukumbu namba sikulijua, nilikuwa nafuatilia kwa tarehe ya mhuri. Nashukuru sana.

#6 – Binti wa Kigoma Mjini

Naomba msaada wenu. Mimi nataka kujua mikopo ya asilimia 10 (ile ya vikundi inayotokana na mapato ya ndani) kwenye halmashauri yetu imekwenda wapi. Kikundi chetu cha wanawake kimezungushwa mwaka mzima. Nikiomba orodha ya waliopata wanasema ni siri za watu. Ni kweli?

#7 – Wakili Kijana

Dada, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa.

Sheria ina orodha ya taarifa zinazoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu binafsi, siri za biashara na nyingine za aina hiyo. Namba ya simu ya mkopaji, kitambulisho chake, akaunti yake ya benki ni faragha, na hata wewe usingependa vyako vitolewe. Lakini halmashauri ilitenga kiasi gani, kilitoka lini, kiligawanywaje kati ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, vikundi vingapi vilipata na vya kata zipi, hizo ni fedha za umma zinazotokana na mapato ya ndani. Tangu 2018 mgao huo umeingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Omba jedwali la vikundi, kata na kiasi. Sema wazi kwamba huhitaji taarifa binafsi za wanakikundi, ili sababu ya faragha isitumike kukuzuia.

Omba pia muhtasari wa kikao kilichopitisha maombi. Humo ndimo utajua kama kikundi chenu kilijadiliwa au jalada lenu halikuwahi kufika.

Na kabla ya kuandika barua, soma ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya Serikali za Mitaa. Inatoka kila mwaka, iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na madeni ya mikopo ya vikundi huwa yamo. Ukishajua mkaguzi alisema nini kuhusu halmashauri yenu, barua yako itakuwa na swali ambalo haliwezi kukwepwa.

#8 – KaskaziniKwetu

Na wakikaa kimya siku 30 zikapita?

#9 – Wakili Kijana

Usianze upya na barua nyingine ya maombi, hilo ni kosa kubwa. Unaandika kwa mkuu wa taasisi kuomba mapitio, ukiambatisha nakala yenye mhuri. Usiporidhika na uamuzi wake, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria. Kila hatua una siku 30, kwa hiyo hesabu siku zako. Udhaifu wake ni kwamba rufaa inaishia kwa waziri, ambaye naye ni sehemu ya serikali hiyohiyo unayoiomba. Binafsi naona tungehitaji chombo huru.

Jingine: sheria hiyohiyo inamwadhibu anayepotosha taarifa aliyopewa. Ukipata nyaraka usizikate vipande, usipige picha ya mstari mmoja ukaurusha kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno yako juu. Toa ukurasa wote kama ulivyo.

#10 – Mtu wa Unguja

Na sisi huku visiwani je?

#11 – Wakili Kijana

Ndugu yangu, Sheria Na. 6 ya 2016 ni ya Tanzania Bara. Ukiwa na shida na taasisi ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) usiinukuu hiyo, barua yako itarudishwa kihalali.

#12 – Mkilifi

Salaam kutoka Kilifi, Kenya. Nimesoma na kufurahi, nami nichangie ya kwetu maana najua humu kuna Wakenya pia.

Sisi tuna Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Jibu ni ndani ya siku 21, na kama habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Afisa anaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14. Maombi waweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na hulipi kitu kuomba, walipia nakala pekee. Nasisitiza la Kiswahili kwa sababu nimeona wazee wa Ganze, huku huku Kilifi, wakitafuta mtu wa kuwatafsiria barua kwa pesa, ilhali hapana haja.

Siku zikipita bila jibu, sheria yahesabu kwamba umenyimwa. Hapo una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani tume ya haki za utawala. Hiyo ndiyo tofauti na kwenu: kwetu malalamiko yaenda kwa tume huru, hayarudi kwa waziri.

Mimi niliomba orodha ya fedha za basari (msaada wa karo kwa wanafunzi) za wadi yetu. Niliambiwa nieleze kwanza nazitakia nini. Nikawajibu kwa adabu kwamba sheria yasema haki yangu haitegemei sababu ninayotoa wala wao wanadhani nina sababu gani. Baada ya wiki mbili nikapewa. Karatasi tatu tu, lakini kwenye zile tatu nikaona shule ya jirani imeandikwa mara mbili kwa majina mawili. Kaunti wakasahihisha.

#13 – MwanaBoma

@Mkilifi ahsante sana ndugu. Hilo la kuulizwa "unazitakia nini" nami liliniandama. Nilijibu: ni mkazi, nimechangia tofali.

Sasa nieleze jibu nililopata.

Nilipewa kurasa 14. Nakala nililipia kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), si mkononi, na risiti ninayo. Mkataba wa fundi haukuwemo. Waliandika kwamba uko kwa mtendaji wa kijiji. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Miradi hii inayojengwa na mafundi wenyeji, ule utaratibu wa fosi akaunti, huwa na kamati tatu za wanakijiji: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mafundi, bei za wazabuni, mifuko ya saruji iliyoshushwa, vyote vinapita kwenye mikono ya majirani zako na wanaweka sahihi. Nusu ya nyaraka nilizozifuata kilomita 64 zilikuwa kwenye sanduku la bati nyumba ya nne kutoka kwetu. Kama mradi wenu ni wa aina hiyo, anzeni na wajumbe wa kamati. Kisha ndio mwende wilayani kulinganisha.

Fedha zilikuja kweli, milioni 50, na barua inaonesha tarehe na akaunti. Lakini BOQ nilipoipima na jengo letu, haviendani. Makadirio yalifanywa kwa ramani ya zahanati ndogo kuliko boma tulilojenga sisi. Tulipoanza, hatukusubiri ramani, tulijenga kwa moyo, tukaongeza vyumba viwili. Kwa hiyo bati, mbao na misumari vilikula sehemu ya sakafu na milango. Hilo sikulitegemea kabisa, na nimelala nalo usiku kadhaa, kwa sababu nilishamhukumu mtu moyoni.

Lakini si yote. Hati ya kupokelea vifaa inasema mifuko ya saruji 180. Leja ya stoo inasema 120. Sahihi za wajumbe wa mapokezi zipo kwenye hati. Mifuko 60 haitokani na ramani.

#14 – KaraniMstaafu

Mwanangu, usikimbilie. Angalia tarehe. Wakati mwingine mzigo unashushwa kwa awamu mbili na leja ya pili inafunguliwa. Uliza kama kuna ukurasa wa leja uliofuata kabla hujasema neno mbele za watu.

#15 – MwanaBoma

Mama, nimefanya hivyo. Nimemfuata mjumbe mmoja wa mapokezi, mzee wetu wa heshima. Amenieleza kwamba lori la pili lilifika usiku, wakaletewa hati waweke sahihi kwa tochi ya simu, na mifuko hawakuihesabu. Alisema akiwa ameinamia mikono yake. Nikamuuliza kama atalisema hilo mkutanoni. Akasema atalisema, na wenzake wawili pia.

#16 – Binti wa Kigoma Mjini

Nimepeleka barua yangu leo asubuhi. Nakala imegongwa mhuri. Nimeomba jedwali la vikundi, kata na kiasi, pamoja na muhtasari wa kikao. Kumbukumbu namba nitaifuata Alhamisi. Nitarudi hapa siku ya 30, hata kabla.

#17 – MwanaBoma

Dada, tuko pamoja. Weka barua yako hapa (ficha majina), wengine wataiga.

Mkutano wetu mkuu ni Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mhandisi wa wilaya ameandikiwa barua ya mwaliko, nayo nakala yake ina mhuri. Tunataka vitu viwili: maelezo ya mifuko 60, na makadirio mapya ya jengo kama lilivyo, ili yaingie kwenye bajeti ijayo. Kurasa zote 14 zimebandikwa tangu jana kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mtendaji, ambaye kijiweni alikuwa wa kwanza kutajwa, ndiye aliyekwenda dukani kununua pini.

Nitaleta mrejesho Jumapili.